Hesabu za Mtoto Nyumbani: Tuchague Njia Gani?

Mazungumzo ya redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Handeni na Korogwe

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na kiongozi ana daftari lake. Wale wenye watoto wadogo wamefanya vema kuja nao, maana somo la leo ni lao. Nawe unayesoma maneno haya katika karatasi kwa kuwa hukuyasikia redioni, karibu. Soma polepole, na mahali nitakaposema chukua maharage, tafadhali chukua maharage kweli.

Nimepata barua kutoka kwa mama mmoja wa kitongoji kimoja cha Handeni. Nitaisema kwa ufupi. Anasema hivi: "Mwalimu, mtoto wangu ana miaka sita. Shule iko mbali, na katikati ya njia kuna korongo ambalo wakati wa masika hujaa maji. Mwaka huu hatukuthubutu kumpeleka. Namfundisha mwenyewe nyumbani. Kusoma anaendelea, lakini hesabu sijui nianzie wapi. Mume wangu anakata mkonge Korogwe. Ameona huko vitabu vya hesabu vya Kiingereza, vina picha nzuri sana, na muuzaji amemwambia kwamba mtoto akivimaliza atawashinda wenzake wote. Bei yake ni sawa na bei ya mbuzi. Mbuzi tunaye mmoja. Je, tumuuze?"

Hilo ndilo swali letu la leo, swali la mbuzi. Msilicheke. Mzazi aliye tayari kumuuza mbuzi wake wa pekee kwa ajili ya elimu ya mtoto ni mzazi wa kuheshimiwa, na anastahili jibu la kweli.

Kabla ya kulijibu, ninao wajibu wa kusema jambo moja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto wake shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kufundisha nyumbani, tunazungumza juu ya kumtayarisha mtoto kwa shule, au kumsaidia anapokuwa shuleni, au kumshika mkono wakati shule haifikiki. Hatuzungumzi juu ya kumnyima shule. Wakati wa namna hiyo tuliuona sote. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wa shule za msingi hawakurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Kwa miezi mitatu na zaidi kila baba na kila mama aligeuka mwalimu, apende asipende. Wengi walikuja kuniambia, "Mwalimu, hadithi naziweza, lakini hesabu zimenishinda." Basi mama yule wa Handeni si peke yake.

Nilipopata nafasi nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta na mama mkwe wake wakipukuchua mahindi barazani.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa vitabu?"

"Mimi ndiye, bibi. Lakini leo nimekuja bila kitabu."

Mtoto akaitwa. Mama yake akamwambia ahesabu, naye akaanza kwa sauti kubwa, moja, mbili, tatu, mpaka 50 bila kukosea. Mama akafurahi, na mimi nikampongeza mtoto. Kisha nikaweka maharage mbele yake nikamwambia, "Nipe maharage saba." Akachota konzi moja akanipa. Nikayahesabu, yalikuwa 16.

Mama akaona haya, akataka kumkaripia. Bibi akamzuia. Akamwambia mjukuu wake, "Nenda katazame kama kuku wote wamekwisha kuingia." Mtoto akakimbia, akarudi upesi kuliko nilivyotegemea. "Mmoja hayupo," akasema. "Yule mwekundu mwenye kilema."

Tazameni jambo hili vizuri, ndugu zangu. Mtoto yule alikuwa na majina ya namba mpaka 50, lakini hakujua kwamba saba ni kiasi. Tena alikuwa na ujuzi wa kweli juu ya kuku wake, lakini ujuzi huo haukuwa na namba ndani yake. Aliwajua kuku kwa sura. Kazi ya anayefundisha hesabu mwanzoni ni kuyaunganisha mambo haya mawili. Nilimpa mtoto maharage nikamwambia amwekee kila kuku harage moja mbele ya banda. Akaweka, akimtaja kila kuku. Kisha tukayakusanya maharage na kuyahesabu pamoja. Yalikuwa 9. "Basi kuku ni wangapi?" nikauliza. Akatazama maharage, akatazama banda, akasema pole pole, "Ni tisa." Hapo ndipo hesabu zilipoanza katika nyumba ile.

Wataalamu wameyachunguza mambo haya. Mwaka 1978 Rochel Gelman na Randy Gallistel wa Marekani walitoa kitabu juu ya namna mtoto mdogo anavyoelewa namba. Katika mambo waliyoyaeleza, matatu yatutoshe leo. La kwanza, kila kitu kipate jina moja tu la namba, kisirukwe wala kisihesabiwe mara mbili. La pili, majina yafuatane kwa utaratibu uleule siku zote. La tatu, jina la mwisho ndilo linalotaja kiasi cha vyote. Mtoto wa Handeni alikuwa na lile la pili, akakosa la kwanza na la tatu. Hebu mjaribu mtoto wako leo usiku. Usimwambie "hesabu", mwambie "nipe saba". Hapo utajua alipo.

Sasa tuje kwenye vitabu. Mzazi wa Korogwe au Handeni anayetaka mpango wa kufundishia hesabu ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni vitabu vya serikali vinavyotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa ya awali na darasa la kwanza. Vitabu vyake vya Kuhesabu ni vya Kiswahili, na ndivyo mtoto atakavyovikuta akifika shuleni. Taasisi hiyo inayo maktaba mtandao, na mwenye simu yenye intaneti anaweza kuvisoma humo. Asiye na simu hiyo na amwendee mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, aombe kuonyeshwa.

Njia ya pili ni vijitabu vinavyouzwa sokoni na stendi, vya namba na picha. Vingine ni vizuri, vingine ni tarakimu tupu za kunakili. Mtoto hunakili 8 mara 40 bila kujua kwamba 8 ni kiasi gani.

Njia ya tatu ni mipango ya kigeni, kama ile ambayo yule baba aliiona. Sisemi kwamba mipango ya kigeni ni mibaya. Ile ya Singapore, mathalani, ina sifa duniani, na msingi wake ni rahisi kueleza. Mtoto aanze na vitu vya kushika, afuate picha, mwisho ndipo zije alama. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alifundisha mambo yanayofanana na hayo katika miaka ya 1960. Lakini tazama, hatua ya kwanza ni vitu vya kushika, na vitu hivyo havimo ndani ya kitabu. Vimo ndani ya ghala lako.

Tena sisi wa Afrika Mashariki tumekwisha kupata fundisho juu ya kuchagua vitabu kwa sababu ya sifa zake. Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Uingereza na Marekani walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hesabu za kisasa. Walikuwa watu wenye elimu kubwa na nia njema, na vitabu vyao vilitumika katika nchi kadhaa za Afrika. Lakini hesabu zile zilikuwa na maneno na mawazo mapya ambayo walimu wengi hawakupata nafasi ya kuyazoea, na wazazi hawakuweza kumsaidia mtoto jioni. Majirani zetu wa Kenya waliziacha mwaka 1981. Naona fundisho lake ni hili: mpango wa masomo ambao mwalimu wake hauelewi ni kama jembe lisilo na mpini. Na nyumbani, mwalimu ni wewe.

Kuna habari nyingine ya kututia moyo. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walitoa kitabu juu ya Wakpelle wa Liberia, ambao ni wakulima wa mpunga. Waliwaonyesha watu mchele katika bakuli, wakawauliza ungejaza vikombe vingapi. Wakulima wa Kikpelle ambao hawakwenda shule walikisia karibu na ukweli kuliko Wamarekani. Kwa nini? Kwa sababu kupima mchele ndiyo kazi yao. Basi usiseme, "Mimi sijui hesabu." Unayepika ugali wa watu wanane bila kubakiza wala kupunguza, unajua hesabu.

Na baba aliyeko kwenye mkonge je? Kwa desturi ya mashamba ya mkonge, majani hufungwa 30 kwa fungu, na malipo hufuata idadi ya mafungu. Mkata mkonge anajua mafungu 10 ni majani 300, na akipunjwa fungu moja anajua. Baba yule alikuwa anataka kununua kwa mbuzi kitu ambacho nusu yake anacho kichwani.

Basi mzazi achague vipi? Nakupa maswali matano. Kishike kitabu mkononi, kiwe cha shilingi elfu au cha bei ya mbuzi, ukiulize hivi.

1. Je, kinaanza na vitu kabla ya tarakimu? Kama ukurasa wa kwanza unamtaka mtoto aandike tu, kirudishe.

2. Je, kinafundisha kumi? Mtoto asiyeona kwamba 34 ni makumi matatu na vinne atapata taabu ya kujumlisha na kutoa miaka yote.

3. Je, kiko katika lugha ambayo mtoto anafikiri kwayo? Kiingereza atajifunza, tena ajifunze vizuri. Lakini anayejifunza namba na lugha mpya kwa wakati mmoja amebebeshwa mizigo miwili kichwani.

4. Je, hatua zake ni ndogo, na kinarudia yaliyopita? Kitabu kinachokimbia humwacha mtoto nyuma, naye hudhani kosa ni lake.

5. Je, wewe mwenyewe unaweza kukifundisha kwa robo saa, kwa vitu vilivyomo nyumbani? Kama huwezi, kitakaa juu ya kabati.

Vitabu vya Taasisi vinakidhi mengi katika haya, na havikulazimishi kuuza mnyama. Lakini hata hivyo si mwalimu. Kwa hiyo nitawapa sasa mpango mdogo wa kufanya nyumbani, kila siku robo saa, si zaidi.

Mwezi wa kwanza, kaa na namba 1 mpaka 10 tu. Usiwe na haraka. Mtoto akupe mayai matatu, alete vijiko sita, amwekee kila mtu sahani yake. Panga maharage matano kwa msitari, kisha yatawanye mbele yake, umwulize kama yamezidi. Watoto wengi wadogo watasema yamezidi kwa sababu yamechukua nafasi kubwa. Mtaalamu Jean Piaget wa Uswisi alilieleza jambo hilo zamani, mwaka 1941. Usimcheke wala usimgombeze. Mwache ahesabu tena, mpaka aone mwenyewe. Kisha ifungue tano: ni nne na moja, ni tatu na mbili. Mtoto anayeijua tano kwa ndani amekwisha kuanza kujumlisha na kutoa.

Mwezi wa pili na wa tatu, mfundishe kumi. Kata vijiti, kila 10 vifunge kwa uzi wa katani. Katani haikosekani kwetu. Fungu moja na vijiti vitatu ni kumi na tatu. Hapo lugha yetu inatusaidia, maana "kumi na tatu" inajieleza yenyewe. Lakini tukifika 20 lugha inatuficha. Ishirini, thelathini, arobaini ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na mtoto hawezi kuisikia mbili ndani ya ishirini. Kwa hiyo mwanzoni sema naye "makumi mawili, ndiyo ishirini", "makumi matatu, ndiyo thelathini". Wachina husema ishirini kwa maneno ya "mbili kumi", na watoto wao huisikia mbili wazi. Hutapoteza kitu kwa kusema hivyo majuma machache.

Mwezi wa nne, ingia sokoni. Fungu la machungwa barabarani Kabuku au Segera lina machungwa mangapi? Mafungu matatu ni mangapi? Trei ya mayai ni 30. Tumetumia manne, yamebaki mangapi? Kwa fedha, anza na sarafu za shilingi 100. Ukimwambia mtoto 700 ataogopa; mwambie sarafu saba za mia. Baadaye aone kwamba sarafu moja ya 500 na mbili za 100 ni sawa nazo. Na mwenye bao na alitoe. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtoto anayesambaza kete moja moja katika kila shimo anahesabu bila kuambiwa ahesabu.

Sasa nikubali kosa langu mwenyewe, ili msidhani nazungumza kutoka juu. Nilipotoka chuo kikuu na stashahada yangu mpya, binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano. Nilimnunulia kitabu kikubwa chenye namba mpaka 100, nikamkalisha kila jioni kwa saa nzima. Akikosea, nilipandisha sauti. Baada ya majuma mawili alijua kuziandika zote. Baada ya mwezi, aliponiona nachukua kitabu kile aliuma midomo na kwenda kujificha nyuma ya mama yake. Ilinichukua mwaka mzima wa maharage na michezo kuirudisha furaha yake. Nilikuwa na shahada ya karatasi, lakini mtoto wangu alijifunza hofu kutoka kwangu. Usimpige mtoto kwa sababu ya hesabu, wala usimwite mjinga. Namba aliyokosa leo ataipata kesho. Aliyeogopa leo hukimbia miaka.

Mtu atauliza, kwa nini kusumbuka hivi? Si atajifunza shuleni? Nawauliza na mimi, nani kati yetu hajawahi kuuza mahindi kwa lumbesa? Mnunuzi anakuja na gunia lililoongezwa kilemba juu, anasema ni gunia moja, nasi tunapokea bei ya gunia moja. Anayejua kupima na kuhesabu anaweza kusimama na kusema, "Hapana bwana, tuweke kwenye mizani." Asiyejua hunyamaza. Kile kilemba cha juu ni daftari la mtoto, ni dawa, ni bati la nyumba. Kwa hiyo maharage yale saba ni mwanzo wa safari inayofika kwenye mizani.

Basi jibu langu kwa mama wa Handeni ni hili. Mama, usimuuze mbuzi. Mwambie baba watoto, kwa heshima, kwamba vitabu vile havikufaa kwa sasa, na kwamba akija nyumbani mwisho wa mwezi ana kazi. Amfundishe mtoto wake kufunga vijiti kumi kumi, kama yeye anavyofunga majani. Mtoto atajivunia kujifunza kazi ya baba yake. Kitabu cha Taasisi kitafuata.

Na dirisha la kuandikisha likifunguliwa, mwandikishe. Maharage nyumbani ni mazuri, lakini mtoto anahitaji pia wenzake wa kubishana nao kama tisa ni zaidi ya nane.

Limebaki korongo. Hilo sina jibu lake ndani ya redio, na sitajifanya ninalo. Korongo halivukwi kwa ushauri. Lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji: hesabuni watoto wa kitongoji walio na umri wa kwenda shule, andikeni idadi yao, mwombe kivuko, au shule shikizi upande wenu wa korongo. Ombi lenye idadi husikilizwa kuliko ombi la kilio. Nami barua hiyo ikija mezani kwangu nitaipeleka mbele kwa miguu yangu.

Mkimaliza kusikiliza, kikundi kizungumze maswali haya:

1. Katika kikundi chetu, ni watoto wangapi wanaohesabu mpaka 20 lakini hawawezi kutoa maharage saba? Wajaribuni juma hili, mlete majibu.

2. Ni kazi gani za nyumbani na shambani zenye hesabu ambazo mtoto wa miaka sita anaweza kushiriki?

3. Je, kuna kitongoji chetu ambacho watoto hawafiki shule wakati wa masika? Ni wangapi? Nani atawaandika?

Ndugu wasikilizaji, muda umekwisha. Maharage mliyohesabia msiyatupe. Kesho ni ya kupika. Kwaherini, na tukutane tena katika somo lijalo.